Kitalu cha Ngazi

Wako wasafiri ambao wakiingia nchi ya watu huuliza kwanza bei ya chakula, na wako wanaouliza njia ya kutokea. Semboja hakuwa wa hawa wala wa wale. Yeye aliuliza kwa nini. Mama yake alimchapa sana kwa tabia hiyo, mkewe alimnunia mpaka akachoka kununa, na wenzake wa ushirika wa matunda kule milimani kwao walipomchagua aende kutafuta miche ya michungwa, maana michungwa yao yote ilikuwa imekufa kwa ugonjwa, walimshika mkono wakamwonya: "Ukifika nunua, urudi. Maswali yako yaache hapahapa." Akaapa. Alivyofika huko msiniulize, njia ndefu zote ni vumbi na njaa. Nitakachowaambia ni kwamba kiapo chake kilivunjika siku ile ile alipoingia nchi ya Sitara.

Na angefanyaje, maskini? Hebu nanyi fikirini. Katika nchi ya Sitara, mwungwana ni yule asiyeona baya, na kibaya kikifunikwa vizuri kinahesabiwa kimekwisha. Ukuta wa soko lao ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono, nao wameutundikia pazia la maua. Wapita njia wakisimama wanalisifu pazia.

"Na ukuta je?" Semboja akamwuliza muuza ndizi.

"Ukuta upi?" akajibu yule bwana, tena kwa upole wa kweli, hana hata chembe ya mzaha.

Kisima cha chini ya kilima maji yake yalikuwa yameharibika, basi kilijengewa mfuniko wa mbao, ukapakwa rangi ya samawati na kuchorwa njiwa. Watu walikwenda kuteka maji mbali sana, na wakipita hapo husema, "Mashaallah, mfuniko!" Ajabu ya Musa. Semboja akahisi ulimi wake unamwasha.

Kitalu cha miche kilikuwa kimoja tu nchi nzima, ndivyo sheria yao ilivyotaka. Alipokiona kwa mbali alidhani ni ngome. Kilikuwa juu ya kilima chenye kuta zilizosimama wima, na huko juu unafika kwa ngazi ya mbao. Ubavuni mwa kilima palikuwa na vibao, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na jina la mtu mkubwa: Tabaka la Mheshimiwa Fulani, na juu yake Tabaka la Mheshimiwa Fulani mwingine, mpaka kileleni.

"Panda, mgeni, karibu!" sauti ya mwanamke ikamwita kutoka juu. "Ila angalia hiyo ngazi, imeoza. Tumeipaka rangi tu."

Huyo ndiye Bi Mboni, mtunza kitalu. Mwanamke mrefu, mikono ya gauni kaikunja mpaka kiwikoni, udongo umejaa kucha, na ulimi wake haukuogopa kitu chini ya jua isipokuwa sheria. Alimpa Semboja maji ya kunywa, akamtembeza kati ya matuta. Lahaula, miche ilivyopendeza! Majani yameiva kijani, yanang'aa, hayana hata doa. Semboja akachutama, akauinua mmoja taratibu, akaupindua.

"Dada," akasema, "mizizi iko wapi?"

Bi Mboni akatazama kushoto na kulia. "Imekatwa. Ukishuka chini ya shubiri moja, mzizi unahesabiwa mchunguzi. Kuna afisa kabisa, Mlezi wa Mizizi, hupita na mkasi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unachokonoa yasiyouhusu."

"Sasa mche wa namna hii ukipandwa shambani unafanyaje?"

"Unasimama vizuri tu," akasema Bi Mboni. "Mpaka upepo wa kwanza." Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Na ule unaomponyoka Mlezi ndio mbaya zaidi. Mzizi ukishuka unaungua, unakuwa mweusi kama kijiti cha kiberiti kilichowaka, na mche unanyauka ndani ya wiki. Sikuuzii, kaka yangu. Nikikuuzia miche hii nitakuwa nimekuibia, na umetoka mbali."

Hapo Semboja alipaswa kushukuru na kurudi kwao. Lakini akauliza tena, na mwanamke naye akasema, maana mtu akikaa muda mrefu bila kuulizwa, siku akiulizwa hufunguka. Akamweleza kwamba nchini Sitara mche ukifa, udongo haulaumiwi. Udongo ni mzee wa wote, nani atamtukana mzee? Hulaumiwa mkono uliopanda. Na miche ya Sitara imekufa mashambani msimu baada ya msimu, mpaka wakulima wamenung'unika, na Baraza lilikuwa linakuja keshokutwa kuuhukumu mkono wake. Ukionekana mkono mkavu, utafungwa kitambaa cheupe maisha, na mwenyewe haruhusiwi tena kugusa jani.

"Mama yangu walimfunga," Bi Mboni akasema. "Na bibi yangu kabla yake. Mama alikuwa akija kusimama pale chini ya ngazi, ananusa maua ya mchungwa kwa mbali, basi. Amekufa na kitambaa chake. Mimi sijui kazi nyingine, na nisikufiche, sitaki nyingine. Wakinifunga mkono huu bora waukate."

Semboja akaumia moyo, kwani hakuwa mtu wa jiwe. Lakini nisiwadanganye, udadisi ulimuuma zaidi. Akaomba kulala kwenye banda la majembe, maana alitaka kuona ukaguzi wa udongo uliokuwa ufanyike kesho yake.

Akauona. Alikuja Mheshimiwa Kirumbi, Mkaguzi Mkuu wa Udongo, mzee mnene mwenye uso wa ukarimu, na nyuma yake wataalamu wamebeba zulia. Wakalitandika juu ya matuta, naye akasimama juu yake, kwa kuwa kumkanyaga mzee kwa viatu ni utovu wa adabu. Akainama.

"Udongo, hujambo?"

Kimya.

"Una malalamiko yoyote?"

Kimya. Mheshimiwa akainuka akitabasamu. "Haukulalamika," akatangaza, na watu wakapiga makofi. Kisha wataalamu wawili wakabishana kama ukimya ule ni dalili ya afya au ni dalili ya kuridhika. Mmoja akasema afya, wa pili akasema kuridhika, wakapandishiana sauti, mishipa ya shingo ikawatoka, nusura washikane mashati. Mheshimiwa akaamua kuwa ni vyote viwili, wakapeana mikono.

"Samahani, Mheshimiwa," Semboja akasema. "Hamchukui udongo kidogo mkaupime?"

"Tunapima sana, mgeni wetu! Sisi si washamba." Mheshimiwa akaashiria, ikaletwa chupa ya kioo yenye kizibo cha fedha, ndani yake udongo mweusi mzuri wa kutamanisha. "Huu ndio tunaoupima. Uko ofisini kwangu tangu enzi za Mwasisi, na majibu yake hayajawahi kuwa mabaya."

"Lakini huo si wa hapa."

"Wa hapa una makundi makundi, mwingine mkorofi," Mheshimiwa akamweleza, kwa subira ya mwalimu. "Sisi tunapima udongo wenye adabu."

"Kwa nini basi msichimbe mwone chini kuna nini?"

Lo! Mtaalamu mmoja alijikwaa kwenye zulia. Mwingine akamziba Semboja mdomo kwa leso. Mheshimiwa Kirumbi akamvuta kando, akamnong'oneza kama baba anayemficha mwanawe aibu. Kuchimba, akasema, ni kumvua mzee nguo hadharani. Katika Sitara, udongo ukishukiwa kuumwa, unavikwa. Kila mkubwa anayeshika madaraka huleta udongo mpya, anaumwaga juu ya ule wa zamani, anausawazisha, anaweka kibao chake, na kitalu kinakuwa kimesafishwa. Ndiyo maana kimepanda juu namna ile.

"Mimi nimekisafisha kwa udongo mwekundu," akasema, na macho yake yakalainika. "Nikaunyunyizia na marashi. Watu walilia."

Huyo si mtu mbaya, Semboja aliwaza, na hata mimi nasema hivyo. Jioni Mheshimiwa alimpelekea Semboja pilau, banda zima likanukia. Wapo wabaya wengi duniani, lakini nimeona madhara makubwa yakifanywa na watu wa kukuletea pilau.

Siku ya tatu Baraza likapanda ngazi. Kitambaa cheupe kilibebwa juu ya sinia, kimepigwa pasi. Wakulima wakajaa chini ya kilima. Bi Mboni akasimama kati ya matuta, mkono wa kulia mbele, kama walivyomwamuru.

Mheshimiwa Kirumbi akasoma mashitaka: miche imekufa, udongo hauna lawama, basi mkono ni mkavu. "Una neno, Bi Mboni?"

"Ninalo moja, waheshimiwa," akasema. "Si la kunitetea mimi. Ni la heshima ya nchi. Mgeni wetu huyu leo ni siku yake ya tatu, na hajapewa jembe."

Baraza likaguna. Nao walikuwa na msemo ule ule tulio nao sisi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ila kwao haukuwa msemo tu, ulikuwa sheria, tena ya kale kuliko zote. Kwa kuwa wageni wengi walitoroka mapema, jembe lenyewe lilikuwa limekaa kabatini bila kutumika tangu ujana wa wazee wao. Mgeni asipopewa jembe siku ya tatu, ni kumwambia kwamba si mtu. Akipewa, lazima alime, na hapana mwenyeji wa kumzuia.

Wakajadiliana. Mmoja alisema alime hewani. Mwingine akasema apewe mpini bila jembe. Mzee mmoja aliyekuwa anasinzia akafumbua macho, akasema sheria ya kutochimba wameitunga wao juzi juzi, lakini ya mgeni waliikuta, na mtu hapigani na aliyemtangulia. Likaisha. Jembe likaletwa, likapigwa vumbi, likakabidhiwa Semboja kwa mikono miwili.

"Lakini sote tugeuke!" akaamrisha Mheshimiwa Kirumbi. "Msisahau, jamani: aliyeona ndiye mwenye nalo."

Hiyo nayo ilikuwa sheria, na ndiyo iliyowafanya watu wa Sitara wawe na shingo ngumu za kutotazama kando. Ukiona uchafu, ni wako. Ukiona ufa, wewe ndiye mwenye ukuta. Mgeni peke yake ndiye ambaye haikumshika. Basi Baraza zima likageuka, Bi Mboni akageuka, wakulima kule chini wakainamisha vichwa, na Semboja akatema mate viganjani akaanza kuchimba.

"Unaona nini?" wakauliza, migongo ikiwa kwake.

"Udongo mwekundu."

"Wangu huo!" akasema Mheshimiwa Kirumbi. "Unanukia?"

Semboja akaukaribia. Alitaka kumsitiri mzee yule aliyemletea pilau, wallahi alitaka, akashindwa. "Hapana, Mheshimiwa. Una harufu ya dawa."

Mabega ya Mheshimiwa yakashuka. Semboja akaendelea. Chini ya mwekundu palikuwa na mchanga mweupe wa mkubwa aliyemtangulia Mheshimiwa, umelowa, umeingia umanjano. Chini yake chokaa. Chini ya chokaa, mikeka mizuri ya ukili imetandikwa safu kwa safu, imeoza. Kila tabaka alilolitaja, mgongo mmoja ulishtuka au mwana wa mtu fulani akakohoa. Mizizi michache ya michungwa iliyokuwa imemponyoka Mlezi ilining'inia ukutani mwa shimo, myeusi, imekauka. Macho yakaanza kumwasha na koo kumkaba. Akajifunga kitambaa puani, akapiga tena, na jembe likalia juu ya chuma.

"Mapipa," akasema. "Mapipa ya dawa ya wadudu, ile ya zamani ya kupulizia pamba. Yamelala ubavu, kutu imeyatoboa. Yanavuja, na maji yake ni ya njano."

Mzee mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Yana jina la mtu?"

"Jina limefutika."

Pumzi zikawatoka. Wakashauriana hapo hapo bila kugeuka, na hawakuchelewa. Shimo lifukiwe, juu yake limwagwe tabaka jipya, liitwe Tabaka la Semboja, heshima ambayo mgeni hajawahi kupata. Apewe miche kadiri atakavyoweza kubeba. Na kwa kuwa miche imekufa, na miche haifi bila mkono, Bi Mboni afungwe.

"Lakini jamani, mmesikia wenyewe!" Semboja akapiga kelele kutoka shimoni.

"Tumesikia," akasema Mheshimiwa Kirumbi kwa huzuni. "Hatujaona." Akachukua kitambaa, akaunyoosha mkono wake kando, akipapasa, akautafuta mkono wa Bi Mboni.

Bi Mboni akageuka.

Aligeuka mwili mzima, akaenda mpaka ukingoni, akainama, akatazama. Alitazama kwa muda, kama mtu anayemtambua maiti.

"Mboni! Fumba macho!" wakamlilia. Mmoja akajifunika uso kwa niaba yake.

"Nimeona," akasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka, kwa dawa ile au kwa uchungu, na nadhani kwa vyote. "Nimeona mapipa. Nimeona maji ya njano. Nimeona mizizi ya miche yangu ilivyoungua, na mama yangu mlimfunga bure. Aliyeona ndiye mwenye nalo, si ndivyo? Basi haya ni yangu. Sumu ni yangu, na kitalu kilicho juu ya sumu ni changu. Haya, nifungeni."

Mheshimiwa Kirumbi akabaki na kitambaa hewani. Wataalamu wakaanza kunong'ona, na safari hii hawakugombana. Mwenye mali aliyefungwa mkono hawezi kuitunza mali yake. Mali isiyo na mtunzaji hurudi kwa Baraza. Na ikirudi kwa Baraza, lazima mmoja wao aje aipokee, na kuipokea ni kuiona.

"Nani ataipokea?" akauliza Bi Mboni. "Asogee nimwonyeshe."

Hakusogea mtu. Kitambaa kikakunjwa taratibu kwa mikunjo yake ile ile ya pasi, kikarudishwa kwenye sinia, na Baraza likashuka ngazi macho yakiangalia mbinguni.

Bi Mboni akakaa chini akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena. "Nimeshinda nini sasa?" akasema. "Kilima kizima cha sumu. Nenda zako, kaka. Wewe sheria haikushiki, na wenzako wanakungoja."

Semboja alifikiria mvua za kwao zinazokaribia na wenzake wanaochungulia njia. Akafikiria pia miche ile isiyo na mizizi, na jinsi ambavyo angeipanda yote kwa shangwe kama asingekuwa mtu wa maswali. "Nami nimeona," akasema. Akampa yule muuza ndizi wa sokoni salamu azitume kwao kwa wasafiri, wasimngojee msimu ule, akarudi shimoni.

Sasa pakawa na swali jipya, na hili hata yeye lilimshinda: wanautoa udongo ule, lakini wanaupeleka wapi? Mtoni, watu wanakunywa. Bondeni, mbuzi wanalisha. Kwao milimani, Semboja alisema hapana upesi mno, mpaka Bi Mboni akamtazama akaguna. Kuufukia kwingine ni kuanzisha kilima kingine. Kutwa wakawaza.

"Tutautandika kando ya njia ya gulioni," hatimaye Bi Mboni akasema. "Peupe."

Wakatandika maturubai mazito kando ya njia, palipo pakavu, kingo wakazikunja juu ili kisivuje kitu. Wakavuta ndoo kwa kamba, pua wamefunga, mikono wamevaa mifuko. Udongo wa njano ukapanda turubai moja, chokaa jingine, mikeka iliyooza jingine, udongo mwekundu la mwisho, na mapipa wakayapanga mbele kabisa. Kazi ikawachosha mpaka mifupa. Usiku hawakuwa na nguvu hata za kuzungumza.

Siku ya gulio ikafika. Watu wa Sitara walikuwa wamesikia, nao wakajiandaa. Walikuja mstari mmoja, kila mmoja kafumba macho, mkono begani kwa aliye mbele yake, vikapu kichwani, na aliyewaongoza ni Mheshimiwa Kirumbi, kafumba zaidi ya wote, anapapasa njia kwa fimbo. Semboja alitaka kuwaita. Bi Mboni akamshika mkono, akatikisa kichwa.

Mheshimiwa akalikwaa pipa. Likalia kwa sauti kubwa, akayumba, fimbo ikamtoka, akashika lile pipa kwa mikono miwili asianguke. Akahisi kutu. Akakaa hivyo, uso umekunjamana kama mtoto anayekataa dawa, na mstari wote nyuma yake ukasimama. Kisha akafumbua macho.

Akaona. Aliona pipa, akaona njano, na kwenye turubai la mwisho akauona udongo wake mwekundu umekuwa tope la kunuka. Nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, watu wakawa wanafumbua, kila mmoja akiguna kivyake.

Bi Mboni akamfuata, akamfuta mzee kiganja kwa kitambaa, akamwekea sepetu mkononi.

"Karibu, mwenye mali," akamwambia. "Tuanzie hapa."